Jezi Namba Tano Niliyoifua Jumapili

Wajukuu zangu mliochukua beseni langu, nasikia siku hizi mnaitwa kitengo cha vifaa. Hongereni. Mimi miaka yote niliyofua jezi za timu yetu ya Kokoto hapa Tunduma niliitwa Bibi Sabuni, na kitengo changu kilikuwa mgongo huu ambao leo hata kuokota kijiko mpaka niombe msaada. Nyinyi mmenunuliwa mashine. Mnabonyeza kitufe, mnakaa pembeni mnaangalia simu. Sina wivu. Mwalimu Zebedayo, kocha wenu, ndiye aliyesema niwasimulie ya kazi hii, na mimi nikisimulia kwa mdomo mnaniambia "ndiyo bibi, ndiyo bibi" huku vidole vinatembea. Basi nimeandika. Darasa la tatu ndilo langu la mwisho, na herufi zangu zinatoka kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Vumilieni.

La kazi kwanza. Vumbi la Tunduma usililoweke. Jezi ikija na vumbi jekundu, iache ikauke kabisa, kisha ikung'ute ukutani kama unamfukuza mwizi, ndipo uipeleke kwenye maji. Ukiiloweka na vumbi lake hujafua, umepaka rangi. Halafu geuza ndani nje. Nawaona mnasugua mgongo kwa sababu ndiko kwenye namba, wakati jasho la mwanamume liko kwapani na shingoni. Namba haitoi jasho.

Soksi zitenge. Sisemi zaidi. Siku nilipozichanganya soksi za Lazaro Silwimba, kipa wetu wa zamani, na jezi za wenzake, nahodha aliniuliza kama kuna kitu kimefia ndani ya beseni.

Aliyenifundisha ni marehemu Mama Eselina Namkoko, aliyefua kabla yangu. Mwanamke mwembamba kama kamba yake ya kuanikia, na mkali. Hakuwahi kuitia jezi majini bila kwanza kuinusa. Anaishika kwa ncha za vidole, anaivuta puani, anafumba macho, anasema, "Huyu kalala bila kuoga," au, "Huyu kapakwa dawa ya misuli, leo hakukimbia, alichechemea." Nilidhani ni uchawi. Akaniambia, "Yunisi, jicho linadanganywa na rangi. Pua haijali rangi." Nami nikajifunza kunusa, na watu wakanishangaa, mpaka mume wangu akaanza kuoga kabla ya kurudi nyumbani.

Msidhani sikuharibu. Jezi zetu mnazijua ni nyeupe. Mwaka ule wa kwanza nilizifua pamoja na jezi nyekundu ya kipa, ambayo tangu siku hiyo anaifua mwenyewe, nikaenda kuota jua. Niliporudi, timu nzima ilikuwa rangi ya waridi. Kesho yake ilikuwa nusu fainali na hakukuwa na jezi nyingine. Wakaingia uwanjani hivyo hivyo, wanaume wenye ndevu, wamepakwa pinki kama keki ya kipaimara. Wenzao wakacheka mpaka wakafungwa matatu. Wiki iliyofuata mashabiki wakanijia kwa heshima zote, "Shikamoo bibi, tunaomba uziharibu tena." Ndipo nikajua ninaishi na watu wa aina gani.

Sasa nije kwenye lile la namba tano, maana ndilo Mwalimu alilotaka mlisikie, na mimi ndilo nililokuwa naogopa kuliandika.

Mechi zetu zilikuwa Jumapili jioni. Mimi ni mtu wa kanisa, na kwetu Jumapili mama hafui. Mama Eselina hakufua, nami sikufua. Kwa hiyo nahodha alikuwa ananiletea gunia la jezi jioni, ananiwekea nyuma ya mlango, na mimi naivumilia harufu yake mpaka Jumatatu asubuhi.

Jumatatu moja, Ambele Msongole, yule wa kibanda cha miamala ya simu, na Ndele wa bodaboda walipita kwangu wakibishana nani alihangaika zaidi uwanjani jana yake. Kelele zikanichosha. Nikafungua gunia, nikatoa jezi mojamoja, nikawaambia, "Acheni kupasua masikio ya watu. Aliyefanya kazi huyu hapa, na aliyekwenda kupunga upepo huyu hapa." Jezi nyeupe haifichi kitu. Wakaangalia. Wakakubaliana, jambo ambalo sikuwahi kuliona kati yao.

Jumatatu iliyofuata walikuja wanane. Baada ya mwezi ua wangu ulikuwa unajaa wanaume kabla hawajafungua kazi zao. Hata Bwalya, mbadilisha fedha wa upande wa Nakonde, alikuwa anavuka mpaka asubuhi kuja kusikiliza. Wakapaita Mahakama ya Jumatatu. Mimi nakaa juu ya ndoo niliyoigeuza, nachomoa jezi, nataja namba, naigeuza mbele na nyuma kama muuza vitenge. Wao wanahukumu. Aliyerudi na tope, shujaa. Aliyerudi msafi, msaliti. Mwalimu Zebedayo naye akaanza kupita karibu na ua, eti amekuja kunisalimia, na sikio moja limebaki ndani.

Nikiri. Nilipenda. Mimi ambaye wanangu wa kuzaa hawaniulizi hata kama chumvi imekolea, wanaume ishirini walikuwa wanasubiri nifungue mdomo kuhusu mpira.

Na sasa nikiri lingine. Uwanjani sikuwa nakwenda. Baada ya ibada miguu yangu ilikuwa inataka kitanda. Mpira wote wa Kokoto mimi niliusoma kwenye gunia.

Msimu huo beki wetu wa kati, Ezra Simbeye, aliumia goti. Ezra alikuwa beki wa kuserereka. Alikuwa anajitupa chini kutoka mbali, unamwona, samahani, wanasema walikuwa wanamwona anakuja kama mkokoteni uliokatika kamba. Jezi yake namba tano ilikuwa inarudi kama jembe la masika, naisuuza maji matatu. Mashabiki walimwita kisiki. Alipoumia, Mwalimu akamweka kijana wa kutoka Kamsamba aliyekuwa anaishi kwa shangazi yake hapa Majengo. Osea Jailo. Miaka kumi na tisa, mrefu, mpole, anasalimia mpaka watoto.

Jezi ileile ya Ezra, akaivaa Osea. Jumatatu ya kwanza ikatoka kwenye gunia nyeupe kama kitambaa cha meza ya Bwana.

"Bibi, umeshaifua hiyo?" Ambele akauliza.

"Sijaigusa."

"Basi huyu ni beki au mgeni rasmi?"

Wakacheka. Ndele, ambaye ni mtu wa haki kidogo, akasema, "Lakini jana hatukufungwa."

"Hatukufungwa kwa sababu wenzake walihangaika. Bibi, waoneshe namba nne." Nikawaonesha. Namba nne ilikuwa imeiva tope mpaka kwenye lebo. "Unaona? Huyu ndiye kabeba wawili."

Jumatatu ya pili safi. Jumatatu ya tatu safi, na goli hatujafungwa. Bwalya akanyoosha mkono, ananiita mama kwa lugha ya kwao. "Awe, ba mayo, nipe niishike." Akaikung'uta. Halikutoka hata vumbi la kumfanya mtoto apige chafya. "Hii imetoka dukani," akasema.

Wote wakanigeukia. Hapo ndipo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema, "Sabuni yangu nitaibania. Hii naikunja tu, naiweka kabatini."

Ambele alicheka mpaka akashika ukuta. Kufika jioni maneno yangu yalikuwa yameshazunguka mji mzima kwa bodaboda. Jumapili iliyofuata wakayatungia wimbo. Osea akigusa mpira, nyuma ya goli wanaimba, "Kabatini, kabatini." Watoto wa mtaani kwangu waliuimba wakichota maji, na mimi nikawapa karanga, maana nilijiona mtunzi.

Jumatatu ya nne nikaingiza mkono kwenye gunia, namba tano ikatoka nyeusi. Si chafu tu, nyeusi. Kifua, mgongo, mikono.

Ua wangu ukalipuka. "Kijana ameiva," Ndele akasema.

"Wimbo umemfunza," Ambele akasema. "Vijana hawa bila kusemwa hawakui. Bibi, umetutengenezea beki."

Mimi nilikuwa nimeshaivuta puani, mazoea. Nikashtuka. Uwanja wa Kokoto una changarawe, una vumbi, una kinyesi cha mbuzi. Oili hauna. Jezi ile ilikuwa inanuka oili chafu ya lori. Nikaikunja haraka nikaitia chini ya nyingine, nikachomoa inayofuata.

Mchana nikamwita Osea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwanangu, jana ulianguka wapi?"

"Uwanjani, bibi."

"Uwanja wetu umeanza lini kuvuja oili?"

Akaangalia viatu vyake. Akaviangalia sana, na vilikuwa viatu vya kawaida. Mwisho akasema, "Nilijigaragaza kwenye maegesho ya malori, kabla sijampa nahodha jezi. Nyuma ya tela."

"Ulikuwa na mtu?"

"Peke yangu. Ila dereva mmoja aliniona, akadhani nimegongwa. Akaanza kuita watu."

Nilitaka kucheka, nikamwona usoni, nikaacha. Akanieleza. Ligi ya mkoa ilikuwa inakaribia, na Mwalimu alikuwa anaandaa orodha ya majina. Goti la Ezra lilikuwa limepona, na mashabiki wanamtaka. Shangazi yake Osea alikuwa ameshamwambia kwamba hawezi kulisha mtu asiye na kazi wala timu. Jina lake lisipokuwemo, anarudi Kamsamba kwenye mpunga, na mpira ndio basi.

"Wanasema sichafuki, bibi. Na wewe ulisema."

"Sasa kwa nini huchafuki?"

"Sina sababu ya kuanguka." Akafikiri. "Kwetu nimechunga ng'ombe tangu mdogo. Ng'ombe akitaka kuingia kwenye mpunga wa watu, ukimkimbiza kwa nyuma ameshaingia. Unamwangalia shingo. Shingo ikigeuka, unatangulia, unakwenda kusimama pale anapotaka kupita. Akikukuta hapo anainama anakula majani mengine, kana kwamba hakuwa na nia."

"Na hao washambuliaji?"

"Nao wana shingo, bibi."

Ningemwambia nini mtoto huyu? Ningemwambia mimi ni bibi mjinga, mpira sijauona, usinisikilize. Badala yake nikatoa ushauri. Wajukuu zangu, mzee akishakosea mara moja huwa anaharakisha la pili. Nikamwambia, "Basi Jumapili anguka kidogo. Anguka hata mara mbili tu, wafurahi, uandikwe jina."

Akasema, "Sawa, bibi." Alikuwa mtii, ndiyo shida yake.

Hapa katikati niwape la oili, mnaweza kulihitaji. Doa la oili usilimwagie maji kwanza, utalifukuzia ndani. Lipake sabuni ya kipande likiwa kavu, lisugue kwa kidole gumba, liache mpaka chai iive, kisha maji ya moto. Ile jezi niliirudia mara tatu, na nilivyokuwa naisugua nilikuwa najisemesha mwenyewe.

Jumapili ya tano Osea alianguka kama nilivyomwagiza. Mara ya kwanza, hakuna neno. Mara ya pili alijitupa ndani ya boksi, akaukosa mpira akaupata mguu. Penalti. Tukafungwa moja bila, yeye akachunika paja kuanzia juu mpaka gotini. Jezi ikaja na vumbi halali kabisa, na damu kidogo.

Nilijua Jumatatu watamla mbichi. Nikaitoa hivyo hivyo. Ambele akaipokea kama mtu anayepokea cheti.

"Leo huyu kijana amepigana."

"Tumefungwa," Ndele akasema.

"Tumefungwa kiume."

"Penalti si ni yeye?"

"Penalti ni ajali kazini. Angalia damu hii."

"Mwandi, hii jezi ina heshima," Bwalya akashangaa kwa lugha yao, akavua kofia.

Mimi moyo ukashuka mahali pake. Nikasema, basi, jina lake litaandikwa. Subirini. Ambele akakunja mikono akafikiri, na Ambele akifikiri ni vizuri mtu awe karibu na mlango. "Ila sasa," akasema, "kama ni kuchafuka, Ezra anachafuka kwa uzoefu. Huyu anachafuka tunafungwa. Mwalimu amrudishe Ezra."

Wakaitikia wote. Jamani. Akiwa msafi na hatufungwi walimkataa, akiwa mchafu tumefungwa wakamsifu, kisha wakamkataa pia. Nilikaa juu ya ndoo yangu nikaona nimeendesha mahakama ya vichaa, na hakimu nimekaa mbele.

Watu walipoondoka Mwalimu Zebedayo akaniambia pale uani, "Mama, imebaki mechi moja. Jumatatu ijayo napeleka orodha. Mimi nina masikio mawili tu, na yote yamejaa hawa."

Nilimfuata Osea kwa shangazi yake siku hiyohiyo. Nikamkuta anapepeta mchele, paja limefungwa kitambaa. Nikamwambia, "Yale niliyokuambia yateme. Jumapili kachunge ng'ombe."

"Na jezi je, bibi?"

"Jezi ni kazi yangu."

Jumapili ibada ilipoisha sikwenda kitandani. Nilivaa koti, maana ilikuwa Julai na ule upepo wetu unakata kama wembe, nikatembea mpaka uwanjani. Watu wakanipisha mbele. Tulicheza na vijana wa Mlowo, na wao walikuwa na mshambuliaji mmoja mrefu aliyepaka nywele dhahabu, anaitwa Festo, nilimuuliza mama yake aliyekuwa amekaa karibu yangu.

Nilianza kwa kumwangalia Osea tu. Kwa muda mrefu sikuona kitu. Alikuwa anatembea. Anasogea hatua mbili huku, hatua tatu kule, kama mtu anayetafuta kivuli. Nikasema, kumbe kweli mgeni rasmi. Kisha nikaanza kumwangalia Festo shingo. Hapo nikaona. Festo akigeuza shingo kulia, Osea yuko kulia ameshafika. Mpira unakuja, Festo anakimbia kwa nguvu zote, anamkuta Osea amesimama pale kama amepanga chumba. Osea anauchukua mpira, anampa mwenzake, anarudi kutembea. Mara kumi, mara kumi na tano. Nyuma ya goli wanaimba kabatini. Kipindi cha pili Festo akaanza kugombana na wenzake, wakamtoa, akaipiga teke chupa ya maji. Mama yake akaniambia, "Leo mwanangu mvivu." Nikamwambia, "Mwanao si mvivu, mama Festo. Mwanao amechungwa." Hakunielewa. Tukashinda moja bila.

Na kwa kuwa majina nayajua, niliwatafuta wanamahakama wangu. Ambele hakuwepo. Ndele alifika, akapata abiria, akaondoka, akarudi, akaondoka tena. Wale walioimba walikuwa watoto, na wanaume waliogeukia barabarani wanaangalia malori. Aliyekaa dakika zote tisini, na karanga zake mkononi, ni Bwalya, mtu wa nchi nyingine.

Jioni nahodha akaweka gunia nyuma ya mlango. Nikaichomoa namba tano. Safi. Ungeweza kuilia ugali. Nikaiona Jumatatu yote mbele yangu, nikawaona watakavyocheka, nikamwona Mwalimu na masikio yake.

Nikachukua ndoo. Jua lilikuwa bado lipo. Nikazifua zote kumi na nne, Jumapili, mimi Yunisi Nanyinza, mwanakwaya mstaafu.

Nilikuwa katikati ya povu alipopita Mzee Nzowa, mzee wa kanisa, ametoka kuona wagonjwa.

"Mama, leo siku gani?"

"Jumapili, mzee."

"Na hicho ni nini?"

"Ni povu, mzee."

Akalitazama povu kwa huzuni. Akatazama huku na huku. "Wamemaliza ngapi?"

"Moja bila. Tumeshinda."

Akamshukuru Mungu, kisha akaenda moja kwa moja kunishtaki.

Jumatatu wakaja, wakakuta kamba imejaa. Jezi kumi na nne nyeupe zinapepea, zote sawa kama malaika. Walisimama mlangoni mwa ua hawajui miguu waiweke wapi.

"Bibi," Ambele akasema taratibu, "gunia liko wapi?"

"Nimelifua nalo."

"Sasa tutajuaje nani alicheza?"

"Tuambieni mlichokiona, si mlikuwepo? Anza wewe, Ambele."

"Mimi niliona timu imecheza kwa ujumla."

"Goli letu alifunga nani?"

Akamwangalia Ndele. Ndele akaangalia pikipiki yake.

"Ambele, mwanangu, ulikuwa wapi jana?"

"Kulikuwa na mechi kubwa ya Dar kwenye televisheni ya kibanda umiza, bibi. Ila ya kwetu nilikuwa nafuatilia."

"Kwa njia gani?"

"Kwa moyo."

Hata mbuzi wangu alicheka. Nikamgeukia Bwalya. "Wewe ulikuwepo. Sema."

Bwalya akajikuna. "Ba mayo, nilikwenda kumwona yule Festo wa Mlowo, wanamsifu mpaka kwetu. Nimerudi sijamwona. Kila alipokwenda, yule mtoto wa Kamsamba alikuwa ameshafika. Nilitaka kusema hivyo tangu wiki ya tatu, lakini jezi ilikuwa safi."

Mwalimu alikuwa pale pale kwenye ua, daftari mkononi. Nikasimama juu ya miguu yangu, maana jambo kama hili huwezi kulisema umekaa kwenye ndoo. Nikawaambia, "Lile neno la kabatini lilikuwa langu. Nililisema bila kuona mechi hata moja. Jana nimeona. Jezi yake ni safi kwa sababu anafika mapema. Anayechafuka ni aliyechelewa. Ezra nampenda, nimemsuuza miaka sita, lakini alikuwa anachelewa."

Lile la oili nililinyamazia, nalitoa leo kwa sababu Osea mwenyewe amenipa ruhusa, naye huwa analisimulia vizuri kuliko mimi.

Ambele hakukubali hivihivi. "Kwa hiyo bibi unatufungia mahakama kwa ajili ya mtoto aliyekuja juzi?"

"Nimeifunga. Gunia halitafunguliwa tena mbele ya mtu. Anayetaka kubishana aende uwanjani, ni bure, na upepo ni bure."

Mwalimu akafungua daftari akaandika. Aliandika namba tano kabla ya namba moja, nilimwona.

Mkitaka kujua Osea alifikia wapi, alicheza ligi ya mkoa yote. Mechi ya kwanza alimfuata ng'ombe asiye wake, tukafungwa mawili, akalia kwenye basi. Ya pili akatulia. Alijifunza kuserereka pia, kwa siku ambazo shingo inadanganya, na anaserereka vibaya mpaka leo. Ambele bado anasema ni mvivu, ila sasa anasimama nyuma ya goli kila Jumapili, kibanda chake amekifunga, na mtu akibisha anamuuliza, "Wewe ulikuwepo?" kwa sauti kama yeye ndiye aliyelivumbua swali hilo. Wanabishana kuliko zamani. Kelele zao nazisikia mpaka kwangu, na zinanifurahisha kwa kuwa haziko uani kwangu.

Lililobaki ni langu na kanisa. Alhamisi ya wiki ile niliitwa mbele ya baraza la wazee. Walikuwa watano, Mzee Nzowa katikati na daftari la makosa. Wakaniuliza kama ni kweli nilifua siku ya Bwana. Nikasema kweli. Jezi ngapi? Nikasema kumi na nne, na gunia. Wakaniuliza kama ninajuta.

Nikafikiri vizuri, maana pale si mahali pa kusema uongo. Nikawajibu, "Wazee wangu, zile kumi na tatu ninazijutia, na gunia ninalijutia. Ile namba tano siijutii."

Wakaniomba nisubiri nje. Walijadili muda mrefu, na kwa jinsi sauti zilivyokuwa zinapanda nilijua kwamba hawajadili Jumapili tena, wanamjadili beki. Nilipoitwa ndani, Mzee Nzowa alikuwa ameshaandika. Akanisomea hukumu kwa sauti ya ibada: mama amejutia kwa sehemu kubwa, na baraza limeridhika.